Umri wa Watu wa Ufukoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Yasmini amehama. Si nyumbani. Nyumbani yupo, anakaanga samaki, namsikia. Amehama kwenye kibaraza changu!

Nimegundua saa nne asubuhi dukani, nikihesabu wanachama kama ninavyofanya kila Jumatatu. (Na Jumanne. Na siku nyingine.) Jana walikuwa sabini na wanne. Leo sabini na watatu. Nikapitia majina moja baada ya jingine. Aliyekosekana ni mke wangu wa ndoa.

Niliandike hili kwa ajili ya wajukuu watakaosoma: mimi Faraji, fundi simu na mwenye steshenari hapa Ufukoni, Mtwara, ndiye mwanzilishi, mmiliki na msimamizi wa Kibaraza cha Ufukoni. Mtandao wetu wa kijamii hauna makao makuu wala tajiri mmoja ng'ambo. Kila mwenye kibaraza ana kompyuta yake, wanachama wake na kanuni zake, na vibaraza vyote vinasomana. Mtu wa kwangu anamwandikia mtu wa Lindi, na wa Lindi anamjibu. Ukanda huu tuko saba. Kwa ukubwa mimi ni wa saba.

Wa kwanza? Kibaraza cha Mikindani. Wanachama mia sita na kumi na wawili. Mwenyewe ni Mwalimu Abdulkarimu, anafundisha fizikia. Mgane. Meno yote anayo. Tulisoma darasa moja, na tangu enzi hizo alikuwa anapiga mistari kwa rula hata pasipotakiwa.

Yasmini amehamia huko.

Mchana nilimuuliza, kwa utulivu kabisa, kwa nini. Akasema huko kumetulia. Nikamuuliza kwangu kuna kelele gani. Akasema nile samaki, anapoa.

Juu ya hayo, ujumbe kutoka kwa Bi Helena, wakili mstaafu wa Masasi, tuliyemchagua kuwa mwenyekiti wa vibaraza. Anasema sheria ya kulinda taarifa binafsi haiangalii wakubwa tu. Kwa kuwa hatuna makao makuu ya kutubebea lawama, kila mwenye kibaraza anabeba zake. Jumamosi ya tarehe 16 tukutane Mikindani. Kila mmoja aonyeshe anavyothibitisha umri wa wanachama wake na anavyotunza siri zao. Atakayeshindwa, wenzake watamfungia mlango, watu wake wabaki wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Atakayefanya vizuri kuliko wote atatuwakilisha kwenye mkutano wa Dodoma.

Dodoma! Nimeshaanza kutunga hotuba.

Jumanne, 5 Agosti

Upelelezi Mikindani. Nyumbani niliaga kwamba naenda kufuata vioo vya simu.

Nilimkuta Abdulkarimu ametoka shule, amekaa ukumbini. Akanipokea kama ndugu yake. Ana tabia hiyo mbaya. Kahawa, halua, habari za siku nyingi. Kisha akanionyesha kila kitu bila hata kuulizwa. Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na manne ya hila. Sikutumia hata moja. Inaudhi.

Anavyofanya ni hivi. Hataki kitambulisho cha mtu. Mwanachama anakwenda kwa mtu anayemfahamu: imamu, padri, mwalimu, mjumbe wa mtaa. Anao kumi na wawili wa namna hiyo, waliokubali kazi. Huyo akishajiridhisha, anatuma kwenye kibaraza neno moja: mtu mzima. Au: mtoto, mzazi ameridhia. Basi. Hakuna tarehe ya kuzaliwa, hakuna namba, hakuna picha. Kibaraza kingine kikiuliza, kinapewa neno hilohilo na hakuna cha ziada. Watoto wana chumba chao, na mtu mzima asiyejulikana kwao hawezi kuwaona humo wala kuwaandikia.

Nikamuuliza kabati la nyaraka liko wapi. Akasema hana. "Nisichokuwa nacho, Faraji, hakiwezi kuibiwa kwangu."

Mia sita na kumi na wawili, na hana hata karatasi moja! Nilicheka moyoni mpaka halua ikanipalia.

Nikajaribu kuchungulia kompyuta yake nione jina la Yasmini. Akakigeuza kioo taratibu, akanisogezea sahani. Nilikula vipande vinne kwa hasira.

Ananukia udi. Mgane, mwalimu wa fizikia, siku ya Jumanne. Udi wa nini?

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na wazo. Nimemwandikia rasmi: mimi, mume halali wa mwanachama wako, naomba nakala ya yote aliyoyaandika tangu ahamie kwako.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Ananiheshimu sana. Lakini haki ya kuona taarifa hizo ni ya Yasmini mwenyewe. Akiomba yeye, atampa zote ndani ya wiki. Mume hakutajwa popote. Mwisho akaandika: Msalimie sana Mama Riziki.

Sana! Kwa nini sana? Msalimie ingetosha.

Sikumfikishia Yasmini salamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa ya Abdulkarimu. Yeye hana karatasi. Mimi nitakuwa na kabati zima! Fotokopi ya kitambulisho cha kila mwanachama, picha, namba, tarehe ya kuzaliwa. Bi Helena atafungua droo ya kwanza na atakosa la kusema.

Nimebandika tangazo mlangoni na mtandaoni: BILA KITAMBULISHO HAKUNA KIBARAZA. Ili watu wasisite nikaongeza: Atakayeleta kitambulisho atafanyiwa laminesheni ya kitu chochote bure.

"Chochote" lilikuwa kosa. Mpaka jioni nimelaminisha vyeti viwili vya ndoa, picha ya timu ya mpira, ratiba ya sala, na jani la mkorosho. Jani ni la Riziki, binti yangu. Ana kazi ya shule kuhusu ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyavika maua ya mikorosho ungaunga mweupe. Hakuniletea kitambulisho chochote, lakini ni mwanangu.

Yasmini alisoma tangazo akielekea sokoni, kwenye meza yake ya madera. Akauliza karatasi zote hizo zitakaa wapi. Kabatini, nikamwambia. Akauliza kabati lina ufunguo. Nikamjibu kwamba mtu aliyehamia Mikindani awaulize maswali watu wa Mikindani.

Nililijibu vizuri hilo. Nimekuwa nalirudia mchana kutwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Wanachama: MIA MOJA THELATHINI NA MMOJA!

Jana watu walikuwa kwenye Nane Nane, leo wamefurika dukani. Mashine ya fotokopi imepata joto, ikaanza kutoa nakala zenye mistari myeusi. Zilizoharibika nimezitupa kwenye boksi la karatasi chakavu chini ya meza, nzuri zimeingia kabatini. Kila aliyekamilisha nimemwekea tiki ya kijani mbele ya jina lake, na umri wake: Umethibitishwa, miaka 44. Umethibitishwa, miaka 27. Vibaraza vyote saba vinaiona. Hilo la kuandika umri ni ubunifu wangu mwenyewe. Mikindani hawana.

Alasiri nikafika kwenye jina la Riziki. Hapo nikakwama kidogo.

Mwaka jana nilipomfungulia akaunti, kibaraza kilikuwa kichanga na nilihitaji watu wazima. Nikaandika ana miaka 22; kwa hesabu hiyo sasa ana 23. Ana 14. Yuko kidato cha pili. Kumrudisha 14 leo maana yake nijenge chumba cha watoto, nitengeneze fomu ya ridhaa ya mzazi, nimweleze mama yake kwa nini fomu haikuwepo, na Bi Helena aone kuna mtu kwangu ameshuka miaka tisa kwa siku moja.

Nikampa tiki. Umethibitishwa, miaka 23.

Ni binti yangu mwenyewe, anatumia kwa masomo tu. Anawauliza wakulima kuhusu salfa ya kuulia ubwiri unga, wanamjibu, anashukuru. Mkorosho una madhara gani?

Hawa, muuza karanga wa pale kona, alipita kuchukua boksi la karatasi chakavu kama kawaida yake. Nikamwambia chukua tu, mama.

Jumatatu, 11 Agosti

Sheria inasema haki ni ya Yasmini. Vizuri. Yasmini ataomba.

Nilifungua anwani mpya nikaandika: Mimi Yasmini, Mama Riziki, naomba nakala ya maandishi yangu yote. Tafadhali yatumwe dukani kwa mume wangu mpendwa, ambaye ninamwamini kwa kila jambo. Nilipendezwa sana na "mpendwa".

Saa sita mchana Yasmini akaingia dukani. Alikuwa amefunga meza yake, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha. Wateja walikuwa watano.

"Baba Riziki," akasema, "nasikia nimekuandikia barua."

Kumbe yule bwana ana mtindo wa kuhakikisha kwamba anayeomba taarifa ndiye mwenyewe. Amempigia simu! Nikasema huenda ni hitilafu ya mtandao. Mteja mmoja akaitikia kwamba mtandao siku hizi kweli unasumbua. Namshukuru.

Yasmini hakupandisha sauti. Ndiyo tabu yake.

"Mwezi wa sita nilimwandikia dada yangu habari za maradhi ya mama. Barua ya watu wawili. Ukaifungua, kwa kuwa kibaraza ni chako na funguo unazo. Halafu ukaniletea mezani umenisahihishia herufi. Umeuliza kwa nini nimehama. Ndiyo hiyo."

Akatoka.

Ni kweli niliisahihisha. Aliandika "hosptali". Msimamizi ana wajibu wa kulinda lugha. Mama mkwe alifariki mwezi wa saba, na matangazo yote ya msiba nilichapa mimi, bila kosa hata moja.

Lakini kilichonikaa kooni ni hiki: Abdulkarimu ana namba yake ya simu. Na Yasmini akaipokea simu yake. Mimi nikimpigia mchana husema ana wateja.

Jumatano, 13 Agosti

Siku nyeusi. Niandike kwa mpangilio.

Saa nne Bi Zainabu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alinunua karanga kwa Hawa. Bi Zainabu ana miaka thelathini na tisa. Anayo tangu mtaa huu haujawekewa taa. Akafungua kifuko cha karatasi mbele ya wenzake watano, na aliyekuwa anamtazama kutoka kwenye karatasi ni yeye mwenyewe, akiwa na mistari myeusi usoni. Kazaliwa 1969.

Boksi! Lile boksi la nakala zilizoharibika!

Mpaka adhuhuri Ufukoni nzima ilikuwa inanunua karanga, na hakuna aliyezila. Watu wanafungua, wanasoma, wanabadilishana. Hawa alikaanga mara mbili. Hajui kusoma, maskini, alidhani karanga zake zimepata baraka. Nahodha wa timu ya vijana wa chini ya miaka ishirini ameonekana kazaliwa 1994. Timu iliyofungwa nao fainali imeshaandika malalamiko. Mama mmoja amegundua mumewe ni mdogo kwake kwa miaka sita. Anasema ndiyo maana.

Wakaja dukani. Nikawaeleza kwamba ni sheria ndiyo inayotaka umri uthibitishwe. Bi Zainabu akauliza ni kifungu gani kinachotaka uthibitishwe kwa karanga.

"Nilikupa kitambulisho changu mkononi, Faraji," akasema. "Mkononi mwako. Sikukipa mtaa." Nilitegemea atukane. Hakutukana. Macho yalikuwa yamemjaa maji, akageuka akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Ofisi ya serikali ya mtaa imeniagiza nikusanye karatasi zote. Nimenunua karanga zote zilizobaki. Zilizopatikana ni thelathini na moja kati ya hamsini na nane. Nimekula karanga mchana, nimekula karanga jioni.

Wanachama: themanini na wanane. Arobaini na watatu wamehamia Mikindani kwa siku moja. Wamepokelewa bila kuulizwa karatasi yoyote.

Abdulkarimu hajaandika neno mtandaoni kuhusu mkasa huu. Hata mzaha mmoja. Ananidharau.

Alhamisi, 14 Agosti

Baada ya sala ya alasiri walikuja wageni wawili nyumbani. Mzee mmoja amevaa koti juu ya kanzu, na kijana wa miaka kama thelathini, viatu vimepigwa rangi, vumbi la barabara ya Mahurunga bado liko kwenye pindo la suruali. Nilidhani wamekuja kudai karatasi zao.

Mzee akajitambulisha kuwa ni Mzee Likapa, na huyu ni mpwa wake Salumu, ana mikorosho yake mia mbili kule Mahurunga. Wakakaa. Tukaulizana hali, shamba, njia. Kisha Mzee Likapa akatoa leso nyeupe iliyokunjwa, akaiweka mezani mbele yangu. Ndani kuna barua. Akasema wamekuja kwa heshima, kwa mlango wa mbele, kuomba mchumba.

Nikauliza mchumba gani.

Akasema binti yangu, Riziki.

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Salumu akaeleza, kichwa ameinamisha. Miezi miwili amekuwa akimsoma kwenye mtandao. Binti aliuliza salfa ipulizwe saa ngapi, akamjibu asubuhi na mapema, upepo haujaanza. Akauliza mti mmoja unataka kiasi gani, akamjibu. Binti akawa anaandika matokeo, mti kwa mti, wiki kwa wiki. Yote mbele ya watu, na hajawahi kumwandikia neno lolote nje ya mikorosho, kwa sababu mengine yana wazee wake.

"Sijaona mwanamke anayeijali mikorosho namna ile," akasema. Alisitasita, akihofu huenda ni mwanafunzi. Mpaka Jumamosi, ilipotokea tiki. Akanionyesha simu. Umethibitishwa, miaka 23.

Hapohapo mlango wa uani ukafunguka, Riziki akaingia kutoka shule. Sare, begi mgongoni, soksi moja imeshuka. Anapiga kelele kwamba ana njaa. Akaona wageni, akawapa shikamoo.

Salumu akamtazama. Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Kisha akasimama.

"Mzee wangu, huyu ni mtoto."

Nikasema kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi.

"Aliyethibitisha ni nani?"

Jina langu liko pale chini ya kila tiki. Nililiweka mwenyewe, kwa herufi nene.

Akasema yeye amekuja na mjomba wake mchana kweupe. Akauliza, je, angekuwa mwanamume wa aina nyingine, asiye na mjomba wala haja ya mlango wa mbele, aliyesoma tiki ile ile? Mzee Likapa alikunja leso yake akairudisha mfukoni. Akamwambia mpwa wake jambo kwa Kimakonde. Nilielewa. Silitaki humu.

Yasmini alikuwa amesimama mlangoni na sinia la juisi. Sijui tangu saa ngapi. Akaliweka sinia chini, akamwambia Salumu, "Ahsante mwanangu kwa kuja na mzee." Mimi alinipa mgongo.

Riziki ndiye peke yake aliyekuwa bado hajaelewa. Akauliza kama huyu ndiye Salumu wa ubwiri unga, na vipi ule upulizaji wa pili. Salumu akamjibu kwa upole kwamba kuanzia leo maswali ayapitishe kwa mwalimu wake wa kilimo, naye atamjibu mwalimu. Wakaondoka.

Nimekaa uani mpaka magharibi. Kila nikifumba macho naiona ile tiki. Watu wangapi wameiona tangu Jumamosi? Vibaraza saba. Nimeifuta, lakini sijui nani alishaisoma.

Na niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Kwa Abdulkarimu, Salumu asingemwona Riziki kabisa. Angekuwa kwenye chumba cha watoto. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwamba amepatia. Yeye!

Jumamosi, 16 Agosti

Mkutano. Nilikwenda na kabati.

Nililikodia gari dogo la mizigo mpaka Mikindani, kwa sababu mipango niliifanya mapema na sikuona sababu ya kuivunja. Tuliliingiza ukumbini watu wanne. Wenye vibaraza wengine walikuja na madaftari.

Abdulkarimu alitangulia. Dakika kumi, ukurasa mmoja. Wakamuuliza, mmoja wa wale kumi na wawili akidanganya je? Akasema wanakaguana wenyewe kila mwezi, na yupo mmoja aliyewahi kuondolewa. Wakaitikia kwa vichwa. Bi Helena akaandika kitu na kukipigia mstari.

Kisha mimi. Nikalifungua kabati. Droo ya pili ilikwama, ya tatu ikatoka yote, watu wa Ufukoni wakatawanyika sakafuni.

Bi Helena akauliza nani mwingine ana ufunguo wa kabati hili. Nikamwambia halina ufunguo. Akavua miwani. Akasema ameletewa barua tatu wiki hii, akazisoma kwa sauti: ya mama aliyejiona kwenye karanga, ya serikali ya mtaa, na ya mama ambaye binti yake wa miaka kumi na minne amechumbiwa kwa ushahidi wa baba yake. Hakutaja majina. Wote wakanitazama mimi.

Uamuzi: vibaraza sita vinanifungia mlango. Karatasi zote zichomwe, umri wote ufutwe, kila mwanachama aandikiwe kuelezwa nini chake kimetoka nje, na chumba cha watoto kijengwe. Nikikamilisha, nitasikilizwa upya.

Hapo Abdulkarimu akanyoosha mkono. Akasema kosa langu ni kutaka kujua mengi mno, na wengi wetu tulianzia hapo. Akaomba nipewe siku thelathini za kuyakamilisha hayo, naye atakuja Ufukoni mwenyewe, jioni tatu, kunisaidia kujenga chumba cha watoto. Wakakubali, wakapiga makofi. Wakampigia yeye!

Nimeshaaibishwa mara nyingi maishani. Kusaidiwa na Abdulkarimu mbele za watu, hilo lilikuwa bado.

Ndiye anayekwenda Dodoma.

Alinisaidia pia kulipandisha kabati kwenye gari. Alishika upande mzito.

Jumapili, 17 Agosti

Tumechoma karatasi uani. Yasmini na Riziki walisaidia bila kuombwa. Yasmini alikuwa anaipindua kila moja uso chini kabla ya kuitia motoni, asiisome. Nilimwona. Ilipofika ya Bi Zainabu nikafanya vivyo hivyo, ingawa tarehe nilishaikariri.

Mchana nilikwenda kwa Bi Zainabu kumwomba radhi. Akanisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akasema amenisamehe, ila nisimtaje kwenye mtandao, hata kwa wema. Kwangu harudi.

Riziki sasa ana akaunti Mikindani, chumba cha watoto. Ilihitajika ridhaa ya mzazi mmoja. Mama yake aliitoa jana.

Jioni nikamuuliza Yasmini: nikijenga kila kitu upya, nikifunga barua za watu hata mimi nisiweze kuzifungua, atarudi? Akasema, "Nitaangalia." Akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma. Ni neno la kwanza kwangu tangu Alhamisi.

Nimelala na amani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nitaangalia. Ataangalia nini?

Nimeamka nalo. Mtu anaangalia pale penye vitu viwili vya kulinganisha. Kimoja ni kibaraza changu. Cha pili? Na jioni tatu za Abdulkarimu kuja kwangu "kunisaidia", atakaa wapi? Ukumbini kwangu! Atakunywa chai ya nani? Lazima nijue Yasmini anamwonaje, kabla huyo mwalimu hajafika.

Kwa hiyo asubuhi nimejiunga na Kibaraza cha Mikindani kwa jina la Bi Shufaa, mjane, mkulima wa minazi, Msimbati. Mgeni ambaye hajathibitishwa anaruhusiwa kutuma salamu moja tu. Moja inatosha mtu mwenye akili. Nimeituma kwa Yasmini: Salaam dada, mimi ni mgeni humu, sina hili wala lile. Naomba kujua tu, huyu mwalimu mwenye kibaraza ni mtu wa namna gani? Wewe binafsi unamwonaje?

Nimekaa nalitazama jibu linavyoandikwa.

"Karibu sana, Baba Riziki. Ukirudi uje na mkate."

Nimelisoma mara tano. Hakuna namna angeweza kujua! Jina si langu, kijiji si changu, hata minazi sina. Maelezo ni mamoja tu: Abdulkarimu amevujisha taarifa zangu binafsi. Hatimaye nimemnasa!

Kesho asubuhi namwandikia Bi Helena malalamiko rasmi. Nitaambatanisha fotokopi ya kitambulisho cha Bi Shufaa, mara nitakapomaliza kukitengeneza.